Bikoni ya Nakwa

Barua ililetwa Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, Bernadina akiwa kibarazani kwake Nakwa, Babati, anachambua maharage. Aliyeileta alikuwa mjumbe wa mtaa, mtu mpole, na alikataa kuketi kwa sababu alijua kilichoandikwa ndani. Ludovick, jirani wa upande wa chini, mwenye gesti, alikuwa anaomba kwa heshima kwamba kaburi la marehemu Alois, mumewe Bernadina, lililomo ndani ya kiwanja cha gesti, lihamishwe kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, kwa kuwa anajenga ukuta.

Bernadina aliisoma mara moja, akaikunja, akaisukuma chini ya ubao wa mchezo wa go, akaendelea na maharage. Yaliyotobolewa na wadudu aliwatupia kuku. Meupe, manene, yasiyo na doa, aliyaweka kando kwenye kibakuli, maana mawe meupe thelathini na moja ya mchezo yalikuwa yamepotea, na maharage ndiyo yaliyoshika nafasi zake.

Saa kumi alifika Paskasi, kama alivyofika kila siku kwa miaka tisa isipokuwa Jumapili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu, mgongo umepinda kidogo kwa kazi ya kubeba vyombo vya wapima ardhi.

“Hodi, Mama Consolata.”

“Karibu, Baba Michael. Chai iko kwenye chupa.”

Ubao wa go uliachwa na mwalimu Hayashi, Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hisabati sekondari na kupanga chumba kwa Bernadina miaka miwili, baada ya Alois kufariki. Ulikuwa na mistari kumi na tisa kwenda juu na kumi na tisa kwenda pembeni. Wachezaji wawili, mmoja na mawe meusi, mwingine meupe, huweka jiwe mojamoja pale mistari inapokutana, kila mmoja akijaribu kuzungushia eneo kubwa kuliko la mwenzake. Mwalimu Hayashi alisema, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba ni mchezo wa wakulima wanaogombea mpaka bila kutukanana.

Mwenye meusi ndiye huanza, na kwa desturi meusi hupewa asiyejua sana. Paskasi hakujua sana, lakini hakuwahi kuyashika. “Nyumba ni yako,” alisema siku ya kwanza kabisa. “Anza wewe.” Bernadina hakubishana naye. Tangu hapo alikuwa akianza yeye, na siku zote alianza kona ya juu kulia, mstari wa tatu kwa mstari wa tatu, mahali ambapo jiwe moja tu linatosha kuishika kona nzima. Ni ufunguzi wa mtu asiyetaka kusumbuliwa.

Siku hiyo ya barua alishika jiwe jeusi akakaa nalo mkononi muda mrefu.

“Leo sianzi konani,” alisema, akaliweka katikati ya ubao.

Paskasi alilitazama. “Mwalimu angesema umelitupa.”

“Labda. Jiwe la kona limeshasema kila kitu. La katikati halijamwambia mtu linaelekea wapi.”

Walicheza mpaka jua likawa juu ya ziwa. Bernadina alishinda kwa maeneo kumi na nane. Wakati wa kuaga ndipo alipotoa barua chini ya ubao na kumpa Paskasi asome. Paskasi aliisoma, akairudisha, akasema pole.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, Silantoi aliyekuwa mapokezi kwenye gesti ya Ludovick alifungua mlango akaikuta bikoni imesimama mbele ya meza yake. Bikoni ni jiwe la zege lenye nondo katikati, ambalo wapima ardhi hulifukia kwenye pembe ya kiwanja. Hii ilikuwa namba 417, ile ya mpaka wa Ludovick na Bernadina, na ilikuwa bado na udongo mbichi na mizizi ya nyasi. Silantoi alifungua kitabu cha wageni, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Jina akaandika Bikoni 417. Anakotoka, Nakwa. Kazi, mpaka. Kabila na anakokwenda akaacha wazi. Kisha akachukua ufagio akafagia udongo.

Ludovick aliita wanaume wanne na mtaimbo, wakairudisha kwenye shimo lake juu kule. Hakukasirika. Alisema udongo wa Babati una matatizo yake.

Alasiri hiyo Bernadina alianza kwenye nyota ya kushoto, moja ya vile vidoti vyeusi vya ubao, na kulipokucha bikoni ilikuwa kwenye shamba la mahindi la kina mama wa parokia, katikati ya matuta, haikukanyaga hata bua moja. Alhamisi alianza chini kushoto, mstari wa tatu kwa wa tano. Ijumaa Mujahid, mvuvi, aliikuta bikoni ziwani, kwenye maji ya kiunoni, viboko wawili wamelaza videvu karibu nayo. Mujahid alitupa nyavu zake upande mwingine. Saa nne bikoni ilirudi yenyewe, ikachuruzika maji njia nzima, na bodaboda walisimama kuipisha pale kwenye kivuko.

“Kumbe inasikia,” alisema Bernadina.

“Inaonekana inasikia,” alisema Paskasi.

“Basi tusiifunge mapema. Tujaribu milango yote, tuone upi ni wake.”

Mtaa ulizoea haraka. Watu wa Nakwa walikuwa na kazi zao. Mahindi yalikuwa yanakauka na ilikuwa lazima yavunwe. Aliyeikuta bikoni njiani aliizunguka. Aliyeikuta kwenye shamba lake aliiachia hadi saa nne. Mwenyekiti wa mtaa alitoa tangazo kwamba mifugo isifungwe kwenye bikoni kwa kuwa haijulikani italala wapi.

Paskasi alikwenda kabatini akatoa tepu yake ya zamani ya mita hamsini na daftari. Kila asubuhi alipima bikoni iliposimama, akaandika, akalinganisha na jiwe la kwanza la jana yake. Baada ya siku kadhaa akaona utaratibu. Karibu na kona ya juu kulia, kila mstari wa ubao ulikuwa na hatua chache tu za ardhi. Kadiri jiwe lilivyokwenda katikati na kushoto, hatua zilirefuka hadi zikafika ziwani. Jiwe la tatu kwa tatu, lile ambalo Bernadina aliliweka miaka yote, lilikuwa pale pale bikoni ilipofukiwa. Na ukitoka hapo, ukaenda mstari wa nne kutoka juu na wa tano kutoka kulia, ulikuwa umeshuka hatua kumi na nne kuelekea kwa Ludovick.

Paskasi alifunga daftari. Hatua hizo kumi na nne alikuwa anazijua kwa miguu yake.

Miaka kumi na miwili nyuma, mwezi wa tatu, alikuwa kibarua wa kampuni ya upimaji ambayo sasa haipo tena. Bosi wake alimwambia aende Nakwa na toroli na nusu mfuko wa saruji, aende saa sita mchana, kwa sababu saa hiyo watu wote watakuwa kanisani kwenye misa ya mazishi ya Alois. “Hatua kumi na nne kwenda juu,” bosi alisema. “Ni marekebisho tu.” Paskasi alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuuliza marekebisho ya nini. Alikuta kaburi limeshachimbwa, wachimbaji wameenda kusali. Alisukuma toroli akipita kando ya lile shimo, akaing'oa bikoni chini, akaifukia juu. Saa nane jeneza likaletwa, na Alois akateremshwa kwenye udongo uliokuwa umeacha kuwa wake saa moja na nusu kabla. Paskasi alibaki akazika pamoja na wengine. Kuondoka ingekuwa utovu wa adabu.

Ludovick alipata ramani, kisha hati. Bernadina alipata chumba kitupu, na akampangisha Mjapani.

Miaka mitatu baadaye Paskasi alipita njiani akamwona mjane amekaa peke yake mbele ya ubao, anacheza mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Aliingia akitaka kusema. Alipewa chai, akafundishwa mchezo, na siku ikaisha.

Sasa alijua jiwe liwekwe wapi. Kilichobaki ni kulitaja, na asingeweza kulitaja bila kuulizwa amejuaje. Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Kila alasiri Bernadina alijaribu ufunguzi mwingine. Alijaribu nyota zote nne za konani. Alijaribu mstari wa tatu na wa nne, ambao mwalimu Hayashi aliupenda kwa sababu unaangalia upande mmoja na kuuacha mwingine uchague. Siku moja alianza ukingoni kabisa, mahali ambapo hakuna mchezaji mwenye akili anayeanza, na bikoni ikakutwa stendi ya mabasi, kwenye foleni ya wanaokwenda Kondoa.

“Wewe ndiye mtu wa vipimo,” alimwambia Paskasi. “Daftari linasemaje?”

“Bado napima, Mama Consolata.”

“Pima basi. Mwezi wa tisa hauko mbali.”

Nyumbani Paskasi hakula. Mke wake alimuuliza kama ni tumbo, akasema ndiyo, ni tumbo. Jumapili alikwenda kanisani akakaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Jumatatu alinyoa ndevu, akavaa shati alilokuwa akivaa kwenye harusi, akaenda Nakwa mapema kuliko siku zote. Bernadina alikuwa bado hajaweka ubao. Waliuweka pamoja.

“Leo naomba meusi,” alisema.

Bernadina alisukuma bakuli la mawe meusi upande wake. Paskasi alichukua jiwe, akaliweka kona ya juu kulia, mstari wa nne kutoka juu, wa tano kutoka kulia. Ni ufunguzi ambao mwalimu Hayashi alimwonyesha Bernadina mara moja tu, akasema ni wa watu wasio na haraka ya kona.

“Umejuaje kwamba ni hapo?”

“Niliing'oa mimi.”

Kuku mmoja alipanda kibarazani, akadonoa harage chini, akashuka.

“Siku ile mkiwa kanisani,” Paskasi aliendelea. “Nilitumwa, lakini mikono ilikuwa yangu.”

“Najua,” alisema Bernadina. “Kaburini ulinipa mkono wa pole una saruji kwenye kucha. Nikanawa, ikabaki kwenye mikunjo ya kiganja changu hadi jioni. Nikajiuliza, mtu anatoka kujenga nini siku ya msiba?”

Paskasi alitazama ubao. “Mbona hukusema?”

“Niseme kwa nani? Mwenye karatasi ni Ludovick. Shahidi alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa anakuja kwangu kila siku kunywa chai.” Alinyanyua harage jeupe, akaligeuza vidoleni. “Ningekubana mapema ungekana, na ukishakana mara moja umejifunga. Nikasema nimwachie nafasi. Lakini usidhani sikuwa na hasira. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakutilia chumvi kwenye chai.”

“Nilidhani ndivyo unavyopika.”

“Na ukanywa.”

“Nilikuwa nakunywa yote.”

Bernadina aliweka harage lake karibu na jiwe la Paskasi, kwa upole, upande ulio wazi. Wakacheza mchezo wote hadi mwisho. Paskasi alishindwa kwa maeneo mawili, na hajawahi kumkaribia kiasi hicho tena.

Kesho yake bikoni ilikuwa imesimama hatua kumi na nne chini, mahali pake pa zamani. Haikuwa imewekwa juu juu kama ilivyokuwa ziwani au stendi. Ilikuwa imezama hadi shingoni, udongo umeshikana kuizunguka kana kwamba haujawahi kuguswa, na wale wanaume wanne na mtaimbo wao walijaribu hadi saa tano wakaacha. Ludovick alisimama akaitazama, mikono nyuma. Alikuwa amenunua kiwanja chake kihalali, ndivyo alivyojua au ndivyo alivyochagua kujua, na alisema jambo hilo lipelekwe mbele ya wahusika.

Wahusika walikuja Jumatano. Alikuja mwenyekiti wa mtaa, na afisa ardhi kijana mwenye kifaa cha kupimia na jalada chini ya kwapa. Afisa alimwamkia kila mzee, akakubali chai, akaizunguka bikoni, akapima mara mbili. Paskasi alisimama mbele ya watu wapatao arobaini akaeleza yote, tangu toroli hadi nusu mfuko wa saruji. Alionyesha shimo la juu. Alieleza kwamba kwenye kitako cha zege kuna alama ya kisigino chake, kwa sababu aliishindilia ikiwa bado mbichi. Mtu mmoja nyuma alisema Paskasi ni mwanamume. Mwingine alisema amechelewa kuwa mwanamume. Wote wawili walisikika.

Afisa aliandika kurasa tatu. Alipomaliza alivua kofia.

“Mzee, nakuamini,” alisema. “Na bikoni naiamini. Lakini mpaka uko kwenye ramani. Bikoni ni alama tu ya kile ramani inachosema.”

“Na ikirudi yenyewe mahali pake?” aliuliza Bernadina.

“Mama, bikoni ikishatembea inapoteza sifa ya kuwa bikoni. Nimelazimika kuandika hivyo.” Alifungua jalada. “Kuna shauri mnaloweza kufungua. Kwa ardhi, sheria inatoa miaka kumi na miwili.”

Bernadina alihesabu kwa vidole. Paskasi alishahesabu. Miaka kumi na miwili ilikuwa imetimia mwezi wa tatu, na huu ulikuwa wa nane.

“Poleni sana,” alisema afisa, na alimaanisha. Alikunywa chai yake yote kabla ya kuondoka.

Watu walipotawanyika Paskasi alibaki amekaa kwenye ngazi ya kibaraza. Alisema kama angesema mwezi wa pili. Alisema kama angesema mwaka jana, au siku ile aliyoingia mara ya kwanza. Bernadina alimwacha aseme hadi mwisho.

“Na mimi ningekubana kidogo,” alisema baadaye. “Nilikuachia nafasi kubwa mno. Nafasi nayo inaoza.” Kisha akamuuliza kama amekula, na kwa kuwa hakuwa amekula, akaingia ndani kupika.

Alois alihamishwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Consolata alikuja kutoka Singida anakofanya kazi ya uuguzi, akamshika mama yake mkono muda wote. Padri alisali sala fupi. Kaburi jipya lilikuwa juu, kati ya jiko na mparachichi, na Paskasi alilichimba mwenyewe kwa siku mbili, akipumzika kila baada ya majembe kumi kwa sababu ya mgongo. Vijana walijitolea kumsaidia akawaambia wachote maji. Ludovick alituma viti vya plastiki na kreti mbili za soda, kisha akaja mwenyewe na suti, akatoa pole kwa sauti ya mtu anayejua kutoa pole. Bernadina alimpa mkono. Soda zilinywewa, kulikuwa na jua kali.

Wiki iliyofuata ukuta ulijengwa pale ramani iliposema. Uliziba ziwa. Kutoka kibarazani kwa Bernadina sasa unaonekana mlima Kwaraa upande mmoja, na tofali upande wa pili. Bernadina na Paskasi wanacheza bado, na siku hizi wanabadilishana meusi. Wameanza katikati, wameanza ukingoni, wameanza kila kona, na bikoni haijasogea tena hata upana wa kidole.

Imebaki ndani ya ua wa gesti, hatua kumi na nne kutoka ukutani, kwenye njia ya kwenda vyumba vya nyuma. Fundi aliuliza kama aivunje kwa nyundo. Ludovick alifikiri kidogo, akasema hapana, haimdhuru mtu. Akaagiza ipakwe rangi nyeupe, wageni wasije wakajikwaa.